Uzito wa zege kwa trekta dogo: huu wa boksi nimeupenda, ule wa pipa siutaki

Haya haya, salamu alaikum watazamaji, karibuni tena. Niko hapa Malindi, nyuma ya karakana za mafundi, jua mnaliona, na kaskazi inanipigia vumbi kwenye maiki, mtastahimili. Leo nina vitu viwili vya zege mbele yenu. Kimoja kimenikera, kingine nimekipenda mpaka naona haya. Usiende popote, maana hicho nilichokipenda nitakifunga kwenye trekta mimi mwenyewe, bila mtu wa kunishikia.

Trekta ni lile lile letu dogo, mtumba wa Japani, lenye kijiko mbele. Habari za injini na gia nilishazisema, atafutaye atazipata kwenye video za nyuma. Kinachotusumbua ni kwamba ukijaza kijiko mchanga mbichi au samadi, nyuma kunakuwa kwepesi. Na matrekta mengi madogo breki zake zinashika magurudumu ya nyuma tu. Sasa gurudumu likiwa halikanyagi chini, hiyo breki unamshikia nani? Uko mteremkoni, mzigo mbele, trekta linakwenda linakotaka lenyewe. Kwa hiyo nyuma lazima uning'inize kitu kizito.

Kuna ndugu aliandika kwenye maoni, "Si nijaze maji kwenye matairi, kwisha kazi?" Jaza, kaka. Huku kwetu maji hayagandi, hatuna haja ya dawa wanazochanganya wenzetu wa nchi za barafu. Unaweka vali juu, unajaza mpaka usawa wake, hapo ni kama robo tatu ya tairi. Lakini yawe maji baridi, yasiwe ya kisima cha chumvi. Visima vyetu mnavijua wenyewe, rimu italiwa unaangalia. Halafu maji yanakaa pale pale kwenye ekseli ya nyuma. Zege linaning'inia nyuma ya ekseli, kwa hiyo linabana nyuma chini na papo hapo linaipunguzia ekseli ya mbele mzigo wa kijiko. Maji hayafanyi hilo. Ile video ya maji inakuja, nimeahidi, na kuanzia mwezi ujao video zitatoka Jumamosi. Ijumaa nimeiacha ipumzike.

Tuanze na hili pipa, niliondoe, roho iwe safi. Limemwagwa zege ndani ya pipa la plastiki la lita 200, mpaka juu. Piga hesabu: zege lina kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, basi lita 200 ni kilo 480. Nani kamwambia huyu mtengenezaji kwamba haidroliki ya kila trekta dogo itanyanyua kilo 480? Kabla ya kumwaga chochote, soma kitabu cha trekta lako uone linanyanyua kilo ngapi. Vitabu vingine vinaandika kiwango cha pale kwenye ncha za mikono, ile miwili ya kunyanyulia nyuma ya trekta, na kingine cha sentimita 61 nyuma yake, na hicho cha pili ndicho cha kukiamini, maana zege haliishii kwenye ncha.

Lakini uzito si kitu, mtu anaweza kujaza nusu. Kilichonikera ni hiki hapa. Sogeza kamera. Sogeza... hapo. Unaona? Badala ya shafti, kile chuma laini cha duara ambacho mikono ya trekta inakishika, wamepitisha nondo! Nondo ya milimita 16. Tundu la mkono wa trekta langu ni la pini ya milimita 22. Sikiliza. (Kwa! Kwa! Kwa!) Unausikia huo mchezo? Hiyo ni hapa, trekta limesimama. Sasa lipeleke kwenye njia ya Langobaya yenye makorongo uone. Na zile mbavu za nondo zinasaga tundu la mkono taratibu kama tupa. Halafu, na hapa ndipo ninapochoka, nondo imezikwa ndani ya zege. Ikipinda, hubadilishi nondo, unatupa pipa zima. Na kilo 480 utazitupa wapi?

Nisimdhulumu mtu: pipa lina uzuri wake. Hulipi mbao wala fundi wa mbao, na ile plastiki ikibaki nje inalikinga zege na hewa ya chumvi. Lingetiwa shafti ya maana ningelisifu. Basi, liweke kando. Hapana, usilibingirishe, liache lilivyo!

Sasa njoo kwa bibi harusi.

Hili ni boksi, sentimita 60 kwa 50 kwa 50. Lita 150, kwa hiyo karibu kilo 360. Na unajua limekula simiti ngapi? Mfuko mmoja. Mmoja tu wa kilo 50! Simiti kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne, mfuko mmoja unakutolea kiasi hicho hicho na kijisehemu cha ziada. Mchanga ni wa Mto Sabaki. Ule wa ufukweni, hata ule unaometameta wa Mambrui, waachieni watalii wapige picha, maana una chumvi na chumvi inakula chuma kilicho ndani. Kokoto vilevile: za mawe magumu, zile za kutoka Jaribuni. Za matumbawe ni nyepesi, na sisi tunatafuta uzito.

Lakini hayo yote ni porojo. Nilichokipenda ni hiki. Angalia ubavuni. Unaliona hili tundu? Ni bomba la chuma limepita zege upande hadi upande, na ndani yake shafti haikuzikwa, imepitishwa tu. Naivuta kwa mkono mmoja... inatoka. Tizama! Imepakwa grisi, inateleza. Unene milimita 22 kamili, ncha zote mbili zina tundu dogo la pini ya kufungia. Ikipinda kesho, unakwenda kwa fundi wa mashine anakukatia nyingine, zege lako liko pale pale.

Na miguu. Chini kachomelea miguu miwili ya chuma, kwa hiyo zege linasimama lenyewe na shafti inakaa juu juu, usawa wa goti. Sasa nipishe, napanda trekta.

Narudi nyuma polepole... polepole... mikono nimeishusha... simama. Nashuka. Angalia, mkono wa kushoto umekaa ubavuni mwa zege, wa kulia ubavu wa pili, na matundu yote yanatazamana na bomba. Hapa ndipo kila mtu anapotukana, si kweli? Kuvutavuta mikono, mguu mmoja unasukuma zege, kidole kiko mahali ambapo kidole hakitakiwi. Mimi sivuti kitu. Nachukua shafti, naiingiza kwenye mkono wa kushoto, naisukuma ndani ya bomba, imegoma kidogo... mkono wa kulia uko chini kwa nusu sentimita. Nazungusha hiki kirekebisho. Sasa. Nyundo moja. (Ko!) Imetokea upande wa pili. Pini huku, pini huku. Mkono wa juu, ule wa tatu wa katikati, naufunga kwenye hizi bapa mbili, pini yake ni ya milimita 19. Kwisha! Jasho hata halijanitoka, na hili ni jua la Malindi!

Fundi kanieleza kwamba siku ya kumwaga alilijaza bomba vitambaa ili zege lisiingie, na zile bapa za juu kazichomelea kwenye nondo za ndani kabla ya kumwaga. Hapo nondo ina kazi yake. Baadaye akalifunika magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni wiki nzima. Kwa upepo huu, zege lisilonyweshwa linapasuka. Na hakulibebesha kazi nzito mpaka siku 28 zilipotimia.

Kasoro? Ipo. Chuma cha kusubu ni kizito mara tatu ya zege, kwa hiyo uzito wa kiwandani ungekuwa theluthi ya ukubwa huu. Hili linatokeza nyuma. Ukigeuza kati ya mikorosho, kumbuka una mkia. Lakini huo uzito wa kiwandani nilitajiwa bei, nikaaga kwa adabu. Hili limenigharimu shilingi 12,000, na sehemu kubwa imekwenda kwenye shafti, bomba na kuchomelea. Zege lenyewe ni kitu kidogo sana. Mwanzo nilitaka kusema ni ghali kwa mfuko mmoja wa simiti. Baada ya kuifunga hiyo shafti, sisemi tena.

Wa Mpeketoni na Witu mlioniuliza kama fundi anasafirisha: kilo 360 kwenye lori mpaka huko, nauli itazidi bidhaa. Tengenezeni huko huko. Vipimo vyote nimeviandika chini ya video, bonyeza kengele ukishuka huko. Ila pima kwanza tundu la mikono yako. Likiwa la milimita 28, trekta lako si dogo, na muda wote huu ulikuwa unatazama video ya wenzio.