Ngome ya Lamu: nenda alasiri, na usiwe na haraka

Nimepita mbele ya hii ngome sijui mara ngapi, kila nikienda Lamu najikalia zangu pale Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, naangalia watu na punda wakipita, lakini kuingia ndani ndo nlikuwa bado. Safari hii nikasema leo naingia. Bei ya Mkenya na ya mgeni si moja kwa hivo kitambulisho usikisahau chumbani kama mimi, nlirudi kukifuata na jua lile la saa saba, we acha tu.

Ukishavuka mlango unatokea kwenye uwanja ulio wazi juu, vyumba vimeuzunguka chini na ghorofani, na kuta za matumbawe na chokaa ni nene mpaka kelele za sokoni huzisikii tena. Ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, na hapo mimi mtu wa Mombasa nliona haya kidogo manake chanzo ni sisi. Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na wenzao wa kisiwa cha Pate walikuja kuipiga Lamu, wakachapwa vibaya pale Shela, kijiji cha hukohuko kisiwani Lamu, kumbe maji yameshakupwa vyombo vimekaa mchangani, pa kukimbilia hapana. Lamu wameshinda lakini usingizi hawapati, wanaogopa watarudiwa, ndo wakamwomba Sayyid Said wa Oman awalinde. Mlinzi akaja, na akakaa kabisaa.

Ila kilichonishika zaidi ni jela. Kuanzia 1910 Waingereza waliigeuza gereza, na uhuru ulipokuja serikali yetu ikaendelea nayo vilevile mpaka 1984 ndo ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Miaka 74 ya kufunga watu! Yaani wako wazee ukiwatajia ngome, kitu cha kwanza kuwajia kichwani ni wafungwa, sio watalii. Nlisimama kwenye chumba kimoja kidogo nikajaribu kuhesabu wangelala wangapi humo, nikaona bora nitoke. Saa hizi kuna maktaba, kuna maonyesho ya mazingira, na ule uwanja watu wanafanyia shughuli zao, hata harusi.

Kama shida yako ni kuona vitu, siwa (yale mabaragumu ya kifalme) na vyombo vya kale, hivo viko Makumbusho ya Lamu kule ufukweni, usiichanganye na hii. Hapa unakuja kuona jengo lenyewe. Na chukua mtu wa kukutembeza, bila maelezo utaona kuta tu.

Juu darini nenda baada ya alasiri. Unaona mapaa ya makuti na mabati, minara ya misikiti, halafu bahari iko kule mbele ya nyumba, wakati zamani ngome ndo ilikuwa usoni mwa maji na hizo nyumba za mbele hazikuwepo. Mwenye kandambili apande ngazi polepole.