Seti ya kufunga flai za trauti niliyoagiza mtandaoni, nimeitumia miezi minne sasa

Mimi natoka Nyeri, upande wa Tetu, na mto Gura hauko mbali na kwetu. Tangu nianze kuvua trauti, wale samaki wa mito ya maji baridi, nimekuwa nikinunua flai moja moja, yaani chambo bandia, ndoana iliyofungwa unyoya ifanane na mdudu, na ukishapoteza tatu kwa mawe asubuhi moja unarudi nyumbani ukipiga hesabu ya pesa badala ya samaki. Basi Januari nikaamua nitajifungia mwenyewe, nikaagiza seti mtandaoni, shilingi 5,200 pamoja na kuletewa hadi Nyeri mjini. Naandika hii kwa sababu nilipokuwa natafuta maoni kabla ya kununua sikupata hata mtu mmoja ameeleza kwa Kiswahili, na ningepata ningejua ni nini cha kununua na nini cha kuacha.

Ndani kulikuwa na jiliwa dogo la kubana kwenye ukingo wa meza, lenye taya za kushikilia ndoana unapofunga, bobini moja ya kushikia uzi, mkasi, koleo ndogo ya kushikia unyoya, kile kifaa cha kufungia fundo la mwisho, uzi mweusi na wa kahawia, waya wa shaba, ndoana hamsini za saizi 10 mpaka 16 (namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo), kichupa cha vanishi, nyoya mbili za mkia wa fezanti dume, ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, na mfuko wa manyoya ya kila rangi, mekundu, ya njano, ya kijani kibichi kabisa.

Kitu cha kwanza, seti nilimpelekea shangazi. Shangazi alifunga flai miaka mingi kwa karakana moja Nairobi, zile za kupelekwa Ulaya, na wengi hawajui kwamba Kenya imefunga flai za kuuza nje tangu enzi za ukoloni na kazi yenyewe imebebwa sana na akina mama. Kule hesabu ni ya dazeni. Akaweka ndoana ya saizi 16 kwenye jiliwa, akakaza, halafu akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikashuka. Akakaza tena, ikashuka tena.

"Hili litakusumbua, mwanangu," akaniambia. "Lakini huu waya ni mzuri. Tuanze na waya."

Na kweli flai aliyonifundisha haihitaji uzi wala vanishi, ni unyoya na waya basi. Ni ile nimfu (flai inayoiga mdudu mchanga anayeishi majini) ya mkia wa fezanti ya Frank Sawyer, Mwingereza aliyekuwa mtunza mto huko Avon, Wiltshire. Sawyer alifunga kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi, kwa hivyo waya ule ule unaoshika unyoya ndio unaipa flai uzito ikazama, na ile rangi ya shaba inaonekana kidogo kidogo katikati ya kahawia ikiwa kwenye maji. Miguu hakuweka, kwa sababu mdudu mwenyewe akiogelea anaibana mwilini.

Unaanza na waya nyuma ya tundu la ndoana, unazungusha mpaka mahali ndoana inaanza kupinda, halafu unarudi na kurundika mizunguko kidogo pale mbele iwe kama nundu, hicho ndicho kifua. Unarudisha waya nyuma, unachomoa nyuzi nne kutoka kwenye unyoya wa fezanti, nne tu, ncha zake zikiwa sawa, unazifunga zitokeze kidogo nyuma ziwe mkia. Sasa hapa ndipo penye siri na shangazi alinirudisha mara nyingi: usizungushe unyoya peke yake. Unasokota zile nyuzi pamoja na waya ziwe kamba moja, ndipo unazungusha kuelekea mbele. Unyoya wa peke yake trauti wa kwanza anaukata kwa meno na flai yote inafumuka, lakini ukisokotwa na waya unadumu. Ukifika mbele unatenganisha, unapeleka waya nyuma ya kifua, unakunja unyoya kurudi nyuma, unashika kwa waya, unakunja kwenda mbele, unashika, mara tatu hivi, na ule mgongo unakuwa mweusi kuliko sehemu zingine kama vile mdudu anavyokuwa akikaribia kutoka majini. Unamaliza kwa waya hapo hapo.

Ya kwanza ilinichukua karibu dakika arubaini na ilikuwa nono kama kiwavi. Shangazi aliikata yote kwa wembe akanirudishia ndoana, akasema samaki hali mdudu mnene hivyo. Sasa nafunga moja kwa dakika nane, yeye macho yameshapungua lakini bado anafunga kwa dakika tatu na zake zote zinatoshana.

Nilikuwa na swali moja lililonisumbua. Trauti wenyewe ni wageni kwetu, waliwekwa Gura mwaka 1905 na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan, na flai hii ni ya Uingereza, lakini wadudu wanaoliwa ni wa kwetu. Je, wanafanana? Nikaenda mtoni asubuhi moja nikageuza mawe ya pale kina kinafika gotini. Chini ya jiwe la tatu wakakimbia wadogo wa kahawia, bapa kidogo, urefu wa punje ya mchele, mikia mitatu. Nikaweka flai ya saizi 16 juu ya jiwe lile lile lenye maji na nikakaa nikiangalia kwa muda, kwa sababu ukiondoa ile ndoana huwezi kutofautisha kwa haraka.

Sasa jiliwa. Kwa saizi 10 na 12 linashika sawa. Kwa 14 unahangaika, kwa 16 ndoana inazunguka kila ukivuta waya, na bila kuvuta waya kwa nguvu hiyo flai haikazi. Mimi nikafanya kosa la kuingiza ncha ya ndoana ndani kabisa ya taya na kukaza mpaka mkono ukauma. Shangazi alikuwa ameshaniambia shika kwenye mpindo, ncha ibaki nje, lakini kwa jiliwa hili ukishika hivyo inatoroka. Matokeo yake niliyaona Machi. Trauti mzuri, nakisia nusu kilo, alichukua flai mwisho wa mkondo pale nilipoinua fimbo kidogo ili nimfu ipande (jaribu hii, acha izame iende na maji halafu inua polepole, mara nyingi ndipo anapouma), akavuta mara mbili, kisha kamba ikawa nyepesi. Nilipovuta nikakuta flai iko sawa, mkia, kifua, kila kitu, ila ncha ya ndoana imekatika pale pale taya ilipokuwa imebana. Iliniuma sana, kwa sababu kazi ya mkono wangu ilikuwa imeshikilia na chuma ndicho kilichoshindwa.

Nilimwandikia muuzaji na picha. Alijibu siku ya tatu, akasema jiliwa ni la "matumizi mepesi", akanirudishia shilingi 600. Sikuridhika, kwa sababu kwenye tangazo aliandika saizi zote mpaka 18. Nimeenda kwa fundi wa chuma hapa mjini akanisugulia mdomo wa taya kwa msasa laini zikakutana vizuri, mia mbili tu, na sasa 16 inashika bila kukaza kupita kiasi. Ukinunua seti kama hii angalia taya kwenye mwanga kwanza, ukiona uwazi katikati usiingize ndoana ndogo hapo.

Manyoya ya rangi sijayatumia. Yanatoa rangi ukiyalowesha, niliweka moja kwa kikombe maji yakawa mekundu. Unyoya wa fezanti ni mzuri lakini ni mbili tu, na nyuzi ndefu zilizo katikati ndizo zinafaa, kwa hivyo nilipata flai kama thelathini na tano basi zikaisha. Hapo shangazi akanionyesha bata mzinga. Jirani anafuga wale wa rangi ya shaba, wakipukutisha nachukua manyoya ya mkia bure, naosha kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu na kuanika kivulini. Nyuzi zake ni nene kidogo kwa hivyo natumia tatu badala ya nne. Kwa 14 sioni tofauti kwa samaki. Kwa 16 fezanti bado anashinda, mwili unatoka mwembamba.

Ndoana zenyewe ni kali na sijaona kutu. Bobini inakata uzi kwa sababu mdomo wa bomba lake una makali, lakini ukifunga kwa waya hiyo haikuhusu. Mkasi safi kabisa, huo hata shangazi ameuazima na hajaurudisha.

Kama unaanza na unataka nimfu hizi tu, ningekuambia usinunue seti. Nunua ndoana nzuri za 14 na 16, mkasi wenye ncha, nyoya chache za fezanti, na waya mwembamba unaweza kuupata kwa mafundi wanaosuka mota, huwa wanabaki na vipande. Pesa inayobaki yote iweke kwenye jiliwa. Na leseni ya kuvua chukua kabla hujashuka mtoni.

Sasa hivi nina kumi na mbili kwenye kiboksi, nane za fezanti na nne za bata mzinga, zote 16. Jumamosi nashuka tena pale kwa yule wa Machi.