Filta ya AUX ya gari: mlio unaondoka, besi inapungua

Magari mengi yanayoshushwa hapa Unguja hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na redio zake zimetengenezwa kushika FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, hali ya kuwa stesheni zetu hufika hadi 108. Kwa hiyo tundu la AUX, yaani la kuchomekea waya wa sauti kutoka kwenye simu, ambalo kwengine ni ziada tu, hapa ndilo tegemeo la dereva anayetaka kusikiliza kitu, na sauti yake inapoharibika kero huwa ya kila safari. Kwa kero hiyo nilinunua, katika duka la vifaa vya simu Darajani, kifaa ambacho wauzaji hukiita filta.

Ni kisanduku kidogo chenye pini ya milimita 3.5 upande mmoja na tundu la kipimo hichohicho upande wa pili, na hakihitaji betri. Ndani yake mna transfoma mbili ndogo, moja ya sauti ya kushoto na nyengine ya kulia, ambazo hupitisha sauti kwa nguvu ya sumaku bila ya waya wa simu kuungana na waya wa redio. Faida yake inatokana na hilo. Simu inapochajiwa kutoka soketi ya kuwashia sigara na wakati huohuo imechomekwa kwenye AUX, ethi, yaani waya wa kurudishia umeme, inakuwa na njia mbili, na msukosuko wa umeme wa altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, hupita humo ukatokea kwenye spika kama mlio mwembamba unaopanda kila unapokanyaga mafuta. Filta huikata njia moja kati ya hizo. Katika gari langu mlio ulitoweka palepale, na haukurudi hata injini ilipokwenda mbio. Kwa kazi hiyo sina la kuilaumu.

Kasoro yake iko kwenye besi. Transfoma ndogo namna ile hazina chuma cha kutosha kuyabeba mawimbi mazito, na nilipoweka taarab asilia, ganuni na fidla zilibaki safi lakini besi ilikonda na dumbaki ikapoteza kishindo chake. Sauti ya simu ikipandishwa hadi mwisho, besi hiyohiyo huanza kukwaruza, kwa hiyo ni bora kuishusha kidogo. Anayesikiliza mawaidha au taarifa ya habari hatabaini lolote. Mpenzi wa muziki atabaini kabla ubeti wa kwanza haujesha.

Muuzaji aliniambia kwamba filta hutibu kila ubovu wa AUX, na hilo si kweli. Ikiwa sauti ya mwimbaji imepotea na vyombo vimebaki kama vinapigwa chumba cha pili, aghalabu ethi ya pini haigusi, na redio inatoa tofauti tu ya kushoto na kulia, ambamo sauti iliyo sawa pande zote mbili hujifuta. Ikiwa upande mmoja unakatika ukiugusa waya, basi umekatika shingoni mwa pini, au tundu limeshika kutu, jambo lisilo la ajabu katika hewa yetu ya chumvi. Waya mpya au dawa ya kusafishia vifaa vya umeme ndiyo inayohitajika. Na sauti dhaifu yenye kelele ya “shhh” mara nyingi hutokana na simu iliyoshushwa mno huku redio ikipandishwa kufidia.

Kabla ya kulipa, washa injini, cheza muziki, kisha chomoa chaja. Mlio ukikatika, filta itakufaa, ingawa mwenye pawabenki anaweza kuchajia humo akaipata nafuu hiyohiyo bila ya kununua kitu. Mimi huichomeka ninapochaji tu. Nikienda Makunduchi na simu imejaa, huiacha ndani ya droo ya gari.