Pedali ya Ovadraivu Yenye Valvu: Uzoefu Wangu wa Miezi Mitano, Arusha na Moshi

Kwa miaka saba nimekuwa nikipiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya hapa Arusha ambayo kazi zake nyingi ni harusi na sherehe za kumbini Njiro na Sakina, na mara moja au mbili kwa mwezi tunateremka Moshi. Muda wote huo nilitegemea Ibanez Tube Screamer, pedali ya kijani ya ovadraivu, yaani kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachoipa sauti ya gitaa ukali. Jina lake linataja valvu (ile taa ya kioo ya kukuza ishara iliyokuwa ndani ya redio za zamani) ingawa ndani yake hamna valvu hata moja, kwa kuwa kinachokata vilele vya wimbi la sauti na kuleta ukali huo ni diodi zikisaidiwa na chipu ndogo. Ni pedali nzuri na bado ninayo. Hata hivyo kulikuwa na jambo lililonisumbua kila tulipopiga rumba za taratibu: niguse uzi kwa upole au niuvute kwa nguvu, sauti ilitoka karibu ileile, na mimi nilitaka msikilizaji atambue tofauti.

Mwezi wa pili mwaka huu shemeji yangu anayeishi Marekani aliniletea Tube Driver iliyokwishatumika, pedali iliyobuniwa na B. K. Butler na ambayo wapenzi wa gitaa wanaifahamu kwa sababu wapiga gitaa maarufu David Gilmour na Eric Johnson wameitumia miaka mingi. Ni sanduku la chuma, pana kuliko pedali za kawaida, lenye nobu nne: moja ya sauti itokayo, mbili za kurekebisha sauti nyembamba na sauti nzito, na ya nne ya kuongeza ukali. Ndani yake mna valvu moja, 12AX7, valvu ileile inayotumika katika hatua za mwanzo za ampli nyingi za gitaa. Jambo la kwanza nililoligundua nilipoifungua mezani ni kwamba haina tundu la adapta wala nafasi ya betri. Ina waya wake wa umeme wa ukutani, wenye plagi ya Kimarekani, na umeme inaotaka ni wa volti 120.

Hapa ninaomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu suala la umeme ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kuliko kutafuta sauti yenyewe. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo anayebadilisha plagi tu na kuichomeka ukutani ataiunguza pedali papo hapo. Nilinunua transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110 katika duka la vifaa vya umeme mjini, kwa shilingi 85,000, na nikachagua yenye uwezo mkubwa kuliko unaohitajika ili isipate joto. Volti 110 ni pungufu kidogo ya 120, lakini pedali inaridhika nazo, na nadhani upungufu huo umesaidia pia, kwa kuwa transfoma ya ndani ya pedali imetengenezwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60 na hapa inafanya kazi kwa hezi 50, hali ambayo huifanya ipate joto zaidi ya ilivyozoea. Baada ya saa tatu za mazoezi niligusa sanduku nikalikuta na uvuguvugu wa kawaida tu.

Kosa nililofanya ni kuiweka transfoma ile kwenye ubao uleule wa pedali. Gitaa langu ni Squier Stratocaster lenye vinasa sauti vya koili moja moja, na vinasa vya aina hiyo hudaka sumaku ya transfoma yoyote iliyo karibu. Nilipata mvumo mzito uliobadilika kila nilipogeuka, na kwa siku mbili niliamini kwamba nimeletewa pedali mbovu, mpaka nilipoisogeza transfoma kama mita mbili nyuma ya ampli na mvumo ukapungua kufikia kiwango nilichokuwa nacho zamani na pedali yangu ya kijani.

Huenda mtu akauliza kwa nini mtengenezaji hakutumia betri tu. Sababu ni kwamba valvu ina uzi wa kupasha joto, na bila joto hilo hakuna sauti. Uzi wa 12AX7 ukipewa volti 12.6 hula ampea 0.15, yaani karibu wati mbili kwa ajili ya joto pekee, kabla hujapiga noti hata moja. Betri ndogo ya volti 9 ingechoka kabla maharusi hawajakata keki. Ni haki pia kueleza kwamba valvu iliyomo humu haipewi umeme mwingi kama zile za ndani ya ampli. Katika ampli, bamba la valvu hupewa mamia ya volti; katika pedali hii hupewa kidogo sana, na kabla ya valvu kuna chipu inayoikuza ishara ya gitaa ili iifikie ikiwa na nguvu. Wapo wanaoichukulia hali hiyo kama udanganyifu. Mimi, baada ya kuisikiliza, sioni hivyo. Valvu inayopunjwa umeme huanza kuelemewa mapema, na kuelemewa huko ndiko tunakokulipia: vilele vya wimbi la sauti havikatwi kwa ghafla bali vinabanwa kidogo kidogo, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, na matokeo yake noti inaongezewa mlio wa oktavu yake ya juu, jambo linaloifanya isikike nene badala ya kusikika chafu.

Mara ya kwanza niliisikiliza kwenye ampli ya Roland JC-120 iliyo katika chumba chetu cha mazoezi. Hiyo ni ampli ya transista, yaani isiyotumia valvu, ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, na sifa yake ni usafi wa sauti usiosamehe kitu; pedali nyingi za kukwaruza zikipita humo husikika kama nyuki ndani ya kopo. Niliiwasha Tube Driver, nikasubiri karibu nusu dakika valvu ipate moto (asubuhi za baridi ninaipa dakika nzima), kisha nikaweka nobu zote katikati na kupiga noti moja juu ya uzi wa tatu. Noti ile ilikaa. Ilikuwa na mwanzo laini, ikavimba, kisha ikafifia taratibu bila kukatika, na nilipopunguza sauti kwenye gitaa lenyewe kutoka 10 hadi 5, ukali ukaondoka wote na kubaki sauti safi yenye joto. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta kwa miaka saba. Kwa Tube Screamer, nikipunguza sauti kwenye gitaa, ukali unapungua lakini sauti inabaki imebanwa katikati, kama mtu anayezungumza akiwa ameziba pua. Kwa hii, mkono wangu wa kulia ndio unaoamua.

Lakini muziki wetu si roki. Tulipoingia kwenye sebene, mpiga ridhimu akashika mwendo na mimi nikaanza kukatakata noti fupi fupi za juu, pedali ikanishinda. Noti zikashikana, ile ya kwanza ikawa haijaisha wakati ya tatu inaingia, na mpiga besi akanitazama kwa namna ambayo haikuhitaji maelezo. Hata nilipoishusha nobu ya ukali karibu na mwisho, bado ilikuwa kali kuliko inavyofaa kwa sebene, ambalo uzuri wake wote uko katika kila noti kusimama peke yake kama punje ya mchele uliopikwa vizuri.

Dawa niliipata Moshi. Nyuma ya soko la Mbuyuni kuna mzee ambaye zamani alikuwa fundi wa redio za valvu, na mwenzangu katika bendi alinishauri nikamwone kabla ya kuagiza chochote kutoka nje. Nilimwamkia, akaitika, nikaiweka pedali mbele yake na kumweleza shida yangu. Aliitoa valvu kwa kitambaa, akasoma maandishi yake huku ameinyanyulia kwenye mwanga, akasema, “Hii Wazungu wa Ulaya wanaiita ECC83, kijana wangu. Hii ina pupa. Wewe unahitaji ndugu yake.” Akafungua kopo la maziwa ya unga lililojaa valvu zilizofungwa kwenye magazeti na kunipa ECC82, ambayo Wamarekani huiita 12AU7, aliyoitoa miaka mingi iliyopita kwenye kinasa sauti cha mikanda. Miguu yake imepangwa sawasawa na ile ya kwanza na joto lake ni lilelile, kwa hiyo inaingia bila kubadilisha waya wowote, ila kwa vipimo vya kitabu ile ya kwanza hukuza ishara mara 100 na hii mara 20 hivi. Nilimuuliza bei. Alitaka shilingi 15,000, na nilipotaka kumwongezea alikataa, akaniambia nikishapata sauti nirudi nimpigie aisikie.

Kuanzia siku hiyo pedali ikawa yangu. Kwa valvu ile nobu ya ukali ina nafasi pana ya kufanyia kazi: ikiwa robo, sauti inakaribia kuwa safi kabisa, ila ina unene kidogo unaoziba ule ukavu wa ampli ya transista, na sebene linapita bila noti kugandana, ikifika robo tatu, ninapata solo la rumba ya taratibu linaloimba. Sauti nyembamba ninaiweka chini kidogo ya katikati, kwa kuwa Stratocaster tayari ina ukali wake, na sauti nzito ninaiacha katikati ili nisimvamie mpiga besi. Sasa ninaiwasha mwanzoni mwa kazi na siizimi mpaka mwisho, na mabadiliko yote ninayafanya kwa kidole kidogo kwenye nobu ya gitaa. Mwimbaji wetu, ambaye kwa kawaida hajali mambo ya vifaa, aliniuliza wiki ya pili kama nimenunua gitaa jipya.

Kasoro zipo, na nyingine ni za kweli kwa mtu wa mazingira yetu. Katika harusi moja Moshi umeme ulikatika tukahamia kwenye jenereta dogo lililokuwa limebebeshwa taa, miksa na friji kwa pamoja. Umeme ulipolegea, uzi wa valvu nao ulipoteza moto, na sauti yangu ikafifia na kukwaruza vibaya katikati ya wimbo; niliiruka pedali kwa mguu na kumalizia na sauti safi ya ampli. Tangu hapo ninatembea na kidhibiti umeme, mzigo wa kilo tatu unaoongezeka juu ya transfoma. Pia valvu hudaka mtikisiko: kwenye jukwaa la mbao lililounganishwa vibaya, wachezaji wakikanyaga karibu, nilikuwa nikisikia mlio wa kengele ndogo ndani ya spika, nikautuliza kwa kuweka kipande cha sponji ya godoro chini ya sanduku.

Kwa mpigaji ambaye tayari ana ampli ya valvu nyumbani, sioni sababu ya kuingia katika gharama hii na usumbufu wa volti 120. Kwa anayepiga kupitia ampli ya transista, au anayeunganishwa moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, mambo ni tofauti kidogo: mwenye ampli ninamshauri aitafute bila kusita, lakini wa miksa atahitaji pia kifaa cha kuiga spika, kwa maana nilijaribu bila kifaa hicho ibada moja ya Jumapili na sauti ilikwaruza masikio ya watu mpaka nikaizima kabla ya wimbo wa pili. Na yeyote atakayeinunua, atenge fedha za transfoma kabla ya fedha za pedali.

Mwezi uliopita nilirudi Mbuyuni na gitaa, ampli ndogo na pedali. Mzee alisikiliza dakika kumi hivi, akaomba niishushe nobu ya sauti nyembamba kidogo zaidi, na hapo alipoiweka ndipo ninapoipigia mpaka leo.