Gari ya marehemu baba yanguruma tena: kubadilishiwa injini na giaboksi ya Datsun 240Z

Hii ni Datsun 240Z ya 1972, ya marehemu baba, na ilikaa chini ya mwembe kwetu Mikindani, Mombasa, miaka saba bila kuwashwa. Baba alikuwa kijana mwaka 1971 Edgar Herrmann aliposhinda Safari Rally na 240Z, halafu 1973 Shekhar Mehta naye akashinda na gari aina hio hio, basi tangu hapo hakutaka kusikia habari ya gari nyengine mpaka akapata yake. Alipofariki nkabaki nayo mimi. Nliapa siiuzi, lakini kila nkifungua boneti nkitia spana kwenye puli ya mbele na injini haizunguki hata kidogo, roho yaniuma.

Fundi wa kwanza nlomuita hata hakuinama kuangalia. Akanambia anitilie injini ndogo ya gari za siku hizi, akate maunti za zamani, zile zinazoshikilia injini, achomelee zengine. Nkamwambia ahsante, nkamlipa nauli yake. 240Z ukiitoa ile silinda sita ya mstari mmoja umebakisha bodi tu.

Wa pili ni mzee mmoja ana gereji Changamwe, nlielekezwa na jirani. Huyu kabla ya kutaja bei aliingia chini ya gari na tochi karibu nusu saa, akatoka na mchanga mgongoni akaniuliza, "Mwanangu, hii wataka kuiuza ama wataka kuiendesha?" Nkamwambia ami, kuiendesha. Akasema basi tafuta injini ya L28, yakaa pale pale pa L24, ile injini ya zamani, maunti ni zile zile, lakini badala ya lita 2.4 wapata lita 2.8. Leba akanambia elfu 45 kutoa na kurudisha, injini na spea juu yangu. Nlizunguka kwa wauza injini za mtumba wiki mbili ndio nkapata L28 ilotoka kwa gari ya Cedric, na giaboksi ya gia tano kando.

Siku ya kutoa nlichukua ruhusa kazini nkaenda kukaa pale. Na hapa ndipo nlipoona tofauti ya fundi na fundi. Kabla ya kulegeza nati yoyote alichora alama na rangi nyeupe kwenye hinji za boneti ili ikirudi ikae pale pale, akafunga kila waya kijikaratasi chenye namba, kila bolti ikaingia kwenye mkebe wake na mkebe ukaandikwa. Maji na oili vikamwagwa, rediyeta ikatoka, kabureta zote mbili zikatoka zikafungwa kitambaa safi. Silinda ndogo ya klachi akafungua bolti zake mbili tu akaining'iniza kando na mpira wake bila kufungua breki fluidi, manake akifungua lazima atoe hewa upya. Kule chini propela shafti ikaachiwa kwa bolti nne, kebo ya spidi, waya za taa ya rivasi, na ndani ya gari livu ya gia ikatolewa kabisa. Watu wengi husahau hio livu, wakianza kuvuta injini inakwama na hawajui kwa nini.

Kazi ngumu ilikuwa bolti za egzosi. Nyinyi wa Mombasa mwajua hewa ya chumvi yafanya nini, zile bolti zilikuwa zimekuwa kitu kimoja na chuma. Alizipaka oili ya kutu jioni, asubuhi tena, mchana akazipasha moto, na hakuna hata moja ilokatika, kwa kweli hapo nlimheshimu sana kwa sababu ningekuwa mimi ningevuta kwa nguvu nimalize.

Injini na giaboksi kwa hii gari hutoka juu vikiwa vimeshikana, mbele yanyanyuka na mkia washuka sana. Alifunga karatasi la nailoni na raba kwenye mdomo wa nyuma wa giaboksi oili isimwagike, wakavuta kwa cheni bloku polepole vijana wawili wakiuongoza mkia usiguse faiawoli, ule ukuta wa chuma kati ya injini na ndani ya gari. Ilipotoka nje yote nkaona ile nafasi tupu ndani ya gari, nkamkumbuka baba alivokuwa ameinama pale kila Jumapili na taulo begani. Nlitoka nje kidogo.

Injini mpya nayo ilikuwa na mambo yake. Ilitoka kwa gari ya otomatiki kwa hivo nyuma ya krenki hakuna ile bushi ndogo ya shaba ambayo shafti ya giaboksi hukaa ndani yake, na kama hajui angefunga tu na giaboksi ingeharibika. Aliiona mwenyewe akaniagiza. Sampu, lile beseni la oili chini ya injini, pia haikuwa sawa na ya Z, akahamisha ile ya zamani pamoja na bomba lake la kunyonya oili.

Sasa lalamiko langu, na nalisema kwa sababu lazima niwe mkweli. Baada ya kurudisha kila kitu gari iliwaka mara ya pili tu, sauti tamu wallahi, lakini ukikanyaga klachi gia haziingii, rivasi yasaga. Kumbe ile kola inayobeba rilisi beringi, beringi inayosukuma klachi iachie, ilikuwa ya presha pleti ya zamani, ile sahani inayobana klachi, na presha pleti mpya ina urefu tofauti. Kola na presha pleti kwa hizi Datsun lazima viende pamoja, ukichanganya ama klachi haiachii ama yateleza. Ilikuwa apime kabla hajafunga na hakupima. Nlikasirika. Lakini hakunizungusha wala hakulaumu spea, alisema hapo nimekosa mimi, akashusha giaboksi peke yake kwa chini, akatia kola inayostahili, na shilingi hakuitisha.

Lengine ni muda. Aliniambia siku tano, zikawa wiki tatu na siku mbili. Wiki moja ilipotea kwa kusubiri raba za maunti na hio si kosa lake, lakini zile siku zengine alikuwa akifanya magari ya wengine na simu hashiki, ukitaka habari lazima upande matatu uende mwenyewe. Ukienda kwake jipange kwa hilo, na usimlipe zote mwanzo, mimi nlilipa nusu na nusu nkamalizia ilipotembea.

Nambari ya injini imebadilika kwa hivo logbook pia lazima ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, na gari ikaguliwe, anza hio kazi mapema na uweke risiti ya ulipoinunua injini.

Jumapili ilopita nlimpakia mama nkampeleka Nyali. Darajani nkaivuta kidogo gia ya tatu, temprecha imekaa katikati haikupanda hata tulipokwama kwenye foleni na jua lile. Mama hakusema kitu mpaka tulipofika, ndio akasema sauti si ile ya baba yako, hii ni nzito zaidi, lakini yafanana. L24 ya zamani nimeipaka oili nkaifunga turubai, iko stoo, siku moja nayo itafunguliwa. Jumamosi hii narudi Changamwe, mzee anataka kupima nafasi za valvu injini ikiwa moto, intek milimita 0.25 na egzosi milimita 0.30, na kuna tone la oili nyuma ya giaboksi nataka aliangalie.