Mafuta ya limau ya chupa ndogo, Mwanza: kwenye ubao wa samaki sawa, usoni mchana hapana

Chupa ya mililita 10, kioo cha kahawia, kizibo chenye kitundu cha kudondoshea. Kwa ufungashaji, mafuta ya limau yanayouzwa kwenye maduka ya vipodozi mjini hayana neno. Tatizo ni lebo: inajisifu "asilia asilimia 100" bila kusema kama yamekamuliwa kwenye maganda bila moto au yametolewa kwa mvuke. Yaliyokamuliwa yana furanokumarini, kemikali zinazoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Ya mvuke karibu hayana. Mwanza iko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo chupa isiyojieleza ihesabu kuwa ya kukamuliwa.

Ya kujipaka: matone 6 katika mililita 30 za mafuta ya nazi, yaani asilimia 1 hivi. Usivuke asilimia 2, na upake usiku. Wanaoyapaka matupu usoni ili kuondoa madoa huweza kuishia na malengelenge, halafu baka jeusi ambalo huweza kukaa miezi.

Wauzaji hudai pia kuwa yanaondoa shombo ya sangara. Hapo wametia chumvi. Shombo hutokana na amini, yaani kemikali zinazoipa samaki harufu yake, na kinachoziweza ni asidi, ambayo imo kwenye maji ya limau, si kwenye mafuta ya ganda. Sugua ubao wa kukatia samaki kwa nusu limau, suuza, ndipo uoshe kwa kijiko cha sabuni ya maji yenye matone 3 ya mafuta. Kwenye maji matupu yataelea tu.

Yanapong'ara hasa ni kwenye gundi ya stika: matone mawili, dakika tano, futa. Iwe kioo au bati, maana hula baadhi ya plastiki. Tone moja kwenye lile sanduku jeupe jepesi la kusafirishia samaki hutoboa shimo.

Kabla ya kulipa, omba kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Kesho yake libaki doa hafifu la njano tu, au lisibaki kitu. Likibaki duara la mng'ao wa mafuta, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Chupa iliyoanikwa dirishani iache: joto na hewa huyaozesha, na yakishaoza huwasha ngozi. Yakinuka kama tapentaini, yabaki ya gundi. Yaweke mbali na jiko, yanashika moto. Mtoto akiyameza usimtapishe, yataingia mapafuni; mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi.