Lebo za samaki wa mapambo Kigoma: frontosa hesabu milia, duboisi uliza sana

Kituo tunachokipima kiko Kigoma mjini, kando ya ziwa, na huwatumia wafugaji wa Dar es Salaam samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika. Jina tunaliacha, kwani kasoro zake wengi wanazo.

Ufungaji hauna lawama. Samaki hawalishwi siku mbili kabla ya safari ili wasichafue maji. Mfuko ni wa tabaka mbili, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi la povu.

Tatizo ni lebo.

Kwa frontosa, samaki mkubwa mwenye milia, hutapata shida. Lebo ikisema "Kigoma", hesabu milia myeusi kuanzia ule wa kichwani: iwe saba. Ikiwa sita, si wa Kigoma. Milia huonekana tangu samaki akiwa mdogo, na wa kituo hiki walihesabika sawasawa. Kinachokosekana ni tarehe ya kuvuliwa. Frontosa huishi kina cha mita 30 na zaidi. Akipandishwa haraka, kibofu chake cha hewa hutanuka na huenda akafa siku chache baadaye, akiwa tayari tangini kwako. Aliyekaa kituoni wiki mbili akila vizuri ndiye wa kununua.

Duboisi, aina mojawapo ya samaki wa kundi la Tropheus, ndio mtego. Mdogo wake ni mweusi mwenye madoa meupe, awe wa Maswa (mwambao wa ziwa hili, si ile wilaya ya Simiyu) au wa kwingine. Ule mkanda mpana wa njano unaompandisha bei Maswa hujitokeza akikua, madoa yanapoanza kufutika. Ukinunua wa sentimita tatu, umenunua neno la muuzaji. Lebo yao inasema "duboisi Maswa" na bei, basi. Ukiuliza kama ni wa ziwani au wa kuzalishwa, jibu ni "wote wa ziwani, bosi", wakati mfuko mzima una vifaranga vya kimo kimoja, dalili kwamba walizaliwa pamoja tangini. Kwani kuna aibu gani? Waliozalishwa mara nyingi ndio bora, wameshazoea chakula cha pakiti.

Si lazima iwe hila. Wazamiaji wakileta Tropheus wa miamba miwili, tangi likawa moja, kesho yake hakuna wa kuwatenganisha kwa uhakika. Na hawa, kila mwambao una rangi yake. Wakichanganywa huzaana, na watoto hawana tena mahali pa kuandikiwa. Dawa yake ni kuandika jina la mwamba na tarehe kwenye tangi siku mashua inaporudi, kisha kunakili kwenye mfuko. Wakishachanganyika, lebo iseme "mahali hapajulikani" na bei ishuke.

Karatasi ya maelekezo nayo irekebishwe. Inasema mfuko uachwe wazi saa nzima. La hasha! Ukifunguka, hewa chafu iliyoyeyuka majini hutoka, pH (kipimo cha uasidi wa maji) hupanda, na amonia ya uchafu wa samaki iliyokuwa imetulia hugeuka sumu. Elesha mfuko ukiwa umefungwa dakika 20, fungua, hamisha samaki kwa wavu, maji yale mwaga.

Frontosa wao nunua. Duboisi, chukua tu waliokwisha kuonyesha mkanda, hata kama ni ghali zaidi.